Ile picha ya bibi bado unayo?

Ujumbe wa kijana wa familia ya huyo bibi uliingia Jumanne jioni, chai ikiwa jikoni. "Kaka, za siku? Ile picha ya bibi ya 2010 bado unayo? Tunataka kuikuza iwe kubwa kabisa, tuiweke pale mbele siku ya kumbukumbu."

Ninayo. Mimi situpi kitu, mke wangu ni shahidi. Iko kwenye ile diski niliyoifunga kwa mpira, folda imeandikwa TUKUYU JULAI. Kabla sijaipata chai ilifurika, nikazima jiko bila hata kufuta.

Nilipiga kwa ile Canon 400D ya mkono wa pili, iliyomla ndama wa baba.

Safari yenyewe nisiirefushe. Alfajiri Mbeya, Uyole tukakata kushika barabara ya Tukuyu, Isyonje ukungu ukawa mzito mpaka konda akafunga dirisha bila kuombwa, Kiwira nikanunua ndizi mbivu nikala nikiwa nimesimama. Baridi ya Julai kule sina haja ya kuieleza. Nilipofika nikakuta watu 17 wamevaa na wamekaa tayari, maana yule mtoto mkubwa wa bibi alikuwa ametoka Kitwe, Zambia, baada ya miaka mingi na kesho yake anaondoka. Kazi ilikuwa picha moja. Moja tu, kubwa, ya ukutani.

Nikampanga bibi mbele kwenye kiti cha mbao, kitenge kipya kimekunjwa magotini, wanawe nyuma yake, wajukuu nyuma zaidi juu ya benchi. Mwanga ulikuwa hafifu kama wa saa kumi na mbili jioni, na ilikuwa saa nne asubuhi. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, sikutaka kuipandisha kwa kuogopa chenga, basi nikaifungua lenzi, ile ya milimita 50, mpaka f/2, uwazi mpana wa kuingiza mwanga mwingi. Anayeijua kazi hii ameshashika kichwa. Nilisimama kama hatua nane kutoka walipo. Kwa umbali ule na uwazi ule, eneo linalotoka safi ni kama mita moja tu toka mbele hadi nyuma, na familia ile, toka goti la bibi hadi benchi la wajukuu, ilikuwa na mita mbili nzuri. Hesabu hiyo nimeijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba picha za f/2 zinatoka kama za majuu.

Fokasi nilikuwa nimeiachia kamera ichague yenyewe. Nikabonyeza nusu, na ile nukta nyekundu ya kuonyesha fokasi imeshika wapi ikawaka kwenye shati la mistari la shemeji mmoja aliyesimama mstari wa nyuma.

Niliiona. Nikamalizia kubonyeza.

"Imetoka?" mjomba mmoja akauliza, na kabla sijajibu walikuwa wameshanizunguka wote. Kioo cha 400D ni cha inchi 2.5, karibu upana wa kiberiti. Ukungu ulikuwa umekitilia vitone vya maji, nikafuta kwa mkono wa sweta, nikakikinga kwa koti ili waone vizuri. Nao wakaona. Watoto wakajitafuta, wakajipata, wakachekana. Yule wa Kitwe akavaa miwani, akakiinamia kioo, akanyooka, akasema, "Safi. Kioo kabisa." Na kweli, pale kila mtu alikuwa safi: bibi safi, shati la mistari safi, migomba ya nyuma safi.

Kwenye kamera ile, kulia juu kwa nyuma, pale kidole gumba kinapojikalia chenyewe, kuna kitufe chenye alama ya lenzi ya kukuzia. Ukikishikilia, picha inavutwa hadi mara kumi, unaweza kuhesabu kope za mtu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe hicho. Si karibu yake, juu yake. Nilikuwa nahisi kile kijinundu chake, cha baridi, na maji ya ukungu yakiteleza pembeni.

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, wala hakuwa kwenye picha, akasema kwa sauti ya kuwaambia wengine: "Zamani hapa alikuwepo mpiga picha wa kamera ya miguu mitatu. Hakuwa na cha kuangalia. Anapiga, anafunga kamera yake, anakwambia njoo Jumamosi. Na Jumamosi umetoka." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Ndani mama mmoja akaita kwamba chakula kinapoa. Yule wa Kitwe akaangalia saa.

Bibi ndiye aliyekuwa wa mwisho kuonyeshwa. Nilimpelekea kamera pale pale kitini. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaangalia muda mrefu kuliko wote, kisha akanirudishia. "Ndaga fijo, mjukuu wangu." Asante sana, kwa Kinyakyusa. Nikaitikia, nikaizima kamera, nikaingia ndani kula.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda. Picha ya 400D ina nukta 3,888 kwa 2,592, zaidi ya milioni kumi. Kile kioo kinatangazwa kuwa na nukta 230,000, lakini hapo wamehesabu nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake. Ukizigawa kwa tatu unabaki na 77,000 hivi. Kwa hiyo kila nukta ya kioo ilibeba nukta zipatazo 130 za picha zilizobanwa pamoja, na ukiubana ule ukungu wa kukosa fokasi kwenye macho ya bibi kiasi hicho unageuka macho. Kioo hakikunidanganya, kilikuwa kinafanya kazi ya kioo kidogo. Kitufe kiliwekwa kwa ajili hiyo, na mimi nilikuwa nimekiwekea kidole.

Usiku, Mwanjelwa mjini Mbeya, kwenye kompyuta ya rafiki, nikaifungua. Shati la mistari lilikuwa la ajabu. Uzi mmoja mmoja, kifungo cha tatu kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Bibi alikuwa kama mtu anayeonekana nyuma ya nailoni. Rafiki yangu hakusema kitu. Alisukuma tu sahani ya karanga upande wangu.

Wakati huo wa Kitwe alikuwa anafunga begi.

Nilichofanya hakuna niliyewahi kumwambia, hata mke wangu anakisoma hapa leo. Niliwapigia simu nikasema karatasi ya saizi kubwa imeadimika Mbeya nzima. Nikawaprintia postikadi, 17, kila mtu yake, na hela ya ile kubwa nikawarudishia nusu. Kwenye postikadi bibi alionekana vizuri tu. Yaani nilichukua ule udogo wa kioo nikauchapisha kwenye karatasi. Walifurahi sana. Mwaka uliofuata walinipa harusi mbili.

Juzi, baada ya ule ujumbe, nilijaribu moja ya hizi programu za kusafisha picha. Ilifanya kazi kwa dakika nzima, ikaniletea mama mwenye macho maangavu, kope zote zimepangwa vizuri, ngozi laini. Mama mzuri. Simjui. Nikaifuta.

Nimewaza kumwambia kijana ukweli. Nimewaza pia kumwambia diski imekufa, na hilo angeliamini bila shida, diski zinakufa kila siku. Nimewaza wachapishe kubwa hivyo hivyo, waitundike juu, watu wakae mbali. Kwa hatua sita au saba macho yanarudi, nimejaribu hapa ukutani kwa kurudi nyuma mpaka nikagonga kabati. Tatizo kwenye kumbukumbu watu husogea karibu. Watamkuta shemeji.

Picha iko wazi mbele yangu ninapoandika. Ikiwa ndogo, bibi ananitazama. Nikiivuta, anaondoka.

Kijana ameona tiki mbili za bluu. Ameandika tena: "Kaka?"

Nimemjibu, "Ngoja niitafute."