Nilivyouza jina langu chuoni Marekani bila kuichezea viza

Tangu Julai 1, 2021, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliporuhusu wanamichezo wa vyuo kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, kila Mkenya anayekimbia kwa skolashipu ana washauri ambao hakuwaita. Mkimbiaji Mkenya Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon na hakuruhusiwa kutangaza hata soksi. Sisi tuliokuja nyuma yake tunaambiwa pesa ziko mezani, ni kuokota tu. Wanaosema hivyo wote wana green card, kibali cha ukaazi wa kudumu. Mimi nina F-1, viza ya mwanafunzi, na NCAA haitoi viza.

F-1 inakupa kazi ya ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kupigwa picha za tangazo mjini, kutia sahihi mabango dukani, kuposti "nunueni hapa" kila Jumatatu ukiwa bwenini, yote yanaweza kuhesabiwa kazi isiyo na kibali. Hakuna faini ya kulipa yakaisha. Rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, inafungwa na unapanda ndege.

Ushauri mbovu kuliko wote ulitoka kwa wakala mmoja aliyetaka asilimia 30. Mkataba uandikwe kwa jina la binamu mwenye green card, pesa ziingie kwake, naye anitumie polepole. "Nyinyi Wakenya si ndivyo mnavyofanya?" Hebu tuufuate mpango wake mpaka mwisho. Binamu anapata fomu ya mapato ya 1099 na kudaiwa kodi ya pesa zisizo zake. Sura kwenye tangazo ni yangu. Chuo kinataka kuona mkataba wenye jina la mwanamichezo wake, na tangu makubaliano ya kesi ya House, ya malipo ya wanamichezo wa vyuo, yaanze kazi Julai 2025, mkataba na kampuni ya nje ya chuo wa dola 600 au zaidi unaripotiwa kwenye NIL Go, mfumo wa kukagua mikataba hiyo, ndani ya siku tano za kazi. Utaripoti nini, binamu? Asilimia 30, na kazi yake ni kukufungulia kesi mbili.

Njia aliionyesha mtoto wa Lubumbashi. Oscar Tshiebwe wa Kentucky, mchezaji bora wa mpira wa kikapu wa vyuo mwaka 2022, naye alikuwa na viza ya mwanafunzi. Agosti mwaka huo timu ilikwenda Bahamas, akafanyia huko kazi zake za udhamini. Ukiwa nje ya Marekani, kibali cha kazi cha Marekani hakihusiki. Bahamas yangu mimi ni Iten, Kenya.

Kampuni iliyonidhamini ilikuwa ndogo, ya vinywaji vya chumvi. Mkataba wao wa kawaida ulikuwa na kipengele cha kuposti mara mbili kwa wiki mwaka mzima. Hicho ndicho cha kukata kwanza. Badala yake tuliandika kwamba kazi yote inafanyika Kenya, na tarehe zake. Kampuni inaposti yenyewe kwenye akaunti zake. Nikirudi chuoni sidaiwi kitu. Bonasi ya ushindi pia ifutwe, NCAA haikubali mdhamini akulipe kwa matokeo. Haki za picha ni miezi 12. Wao huandika "milele" kama mzaha.

Kwenye picha na video walitaka "siri ya mabingwa". Siri hakuna, na hapo ndipo nilipofanya biashara, kwa sababu niliwauzia uchovu wenyewe. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi, kilomita ya kwanza pole kiasi kwamba mama wa sokoni angetupita. Chai ya maziwa. Usingizi wa mchana. Mbio laini saa kumi jioni. Halafu daftari. Eliud Kipchoge huandika kila zoezi kwa mkono, nami nina langu. Picha iliyowapendeza kuliko zote ni kalamu ikiandika tarehe, "km 16, pole, goti sawa", na pete ya chai pembeni ya ukurasa.

Kupiga picha za mbio barabara ya vumbi kuna ujanja wake. Mpiga picha akae kinyumenyume kwenye boda. Boda ikienda mbele yako moja kwa moja unakula vumbi na lenzi pia inakula. Ipite pembeni, upande ambao upepo unaelekea, ili vumbi lake likukimbie. Mwendo ni kama kilomita 15 kwa saa, na boda nyingi hukohoa mwendo huo, kwa hiyo mtafute dereva mtulivu, si kijana wa stendi. Beba fulana kadhaa zisizo na nembo, siku moja itaonekana mwezi. Nembo ya chuo usiiguse, na kama timu inavaa viatu vya kampuni fulani, miguu ipigwe picha kuanzia gotini kwenda juu. Mpiga picha alichukua shilingi elfu nane au kumi, boda elfu moja na mafuta.

Usipige picha siku ya fartlek, zoezi la kupandisha na kushusha kasi. "Rudia kidogo" ya mpiga picha ni mlima wa mita mia mbili, kwenye mwinuko wa mita 2,400, na akirudia mara kumi umefanya zoezi zito ambalo kocha hakuliandika popote. Chagua siku laini, nusu saa baada ya jua kuchomoza, na mruhusu marudio mawili.

Malipo yagawanywe kwenye mkataba: ada ya kazi uliyofanya Kenya, na ada ya kutumia picha. Ya kwanza si mapato ya Marekani. Ya pili, kwa matumizi ya huko, hukatwa asilimia 30, maana Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Kampuni utaipa W-8BEN, fomu ya kodi ya mtu asiye mkaazi wa Marekani. Ankara yangu ilikuwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, na akaunti ya benki ya nyumbani. Tunza mihuri ya pasipoti na faili ghafi za video zenye tarehe.

Chuoni kuna ofisi mbili. Ya sheria za michezo ikisema sawa, imesema sawa kwa NCAA tu. Ya wanafunzi wa kigeni iulize peke yake, kwa barua pepe, ujibiwe kwa maandishi. Mwanasheria wa uhamiaji atasoma mkataba kwa saa moja, dola mia mbili tatu hivi. Muulize kwanza amewahi kushika F-1 ngapi za wanamichezo. Akianza kukuelezea green card, lipa saa yake uondoke.