Ninavyochapa ketuba ya kutundikwa ukutani

Ketuba ni hati ya ndoa ya Kiyahudi. Hata ikipambwa kwa maua, ndege na malango ya Yerusalemu, kazi yake ya kwanza ni kumlinda mke: inataja kiasi ambacho mume anawajibika kulipa akimwacha au akifa. Anayefahamu mahari ya kuahirishwa katika ndoa ya Kiislamu ataelewa upesi. Ndiyo maana mimi huanza na maandishi, na picha hufuata.

Maandishi ya jadi ni Kiaramu kwa herufi za Kiebrania. Sichapi chochote kabla rabi atakayefungisha ndoa hajayasoma na kuyaidhinisha. Kwake naomba majina ya Kiebrania ya maarusi na ya baba zao (siku hizi wengi huongeza na ya mama), jina la mji kama anavyoliandika yeye, hali ya bibi harusi, na tarehe. Hali ya bibi harusi hubadilisha kiasi: kwa kawaida zuzi (sarafu za fedha za kale) 200 kwa bikira, 100 kwa mjane au mtalaka. Ukichukua faili la mteja aliyetangulia na kubadilisha majina tu, unaweza kutoa hati ya kupendeza isiyofaa kutiwa sahihi. Tarehe nayo ina mtego wake, kwa kuwa siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Harusi ya Jumapili ikifungwa usiku, hati inasema Jumatatu. Ulizia saa ya sherehe, usitegemee kadi ya mwaliko.

Kwenye kompyuta, hatari kubwa ni programu isiyowekewa mpangilio wa kulia kwenda kushoto. Hupindua mstari mzima, na asiyesoma Kiebrania haoni kasoro yoyote. Mpangilio ukikaa sawa nageuza herufi ziwe michoro ili fonti isibadilike njiani, kisha nalinganisha herufi moja moja na nakala ya rabi. Daleti na reshi hutofautiana kwa kona tu. He na heti kwa upenyo mwembamba mguuni. Herufi zikiwa ndogo mno, wino husambaa kwenye karatasi ya pamba na upenyo ule unaziba, kwa hiyo sipendi kushuka chini ya milimita 3.

Marabi wengine hutaka herufi kufu katika neno “vekanina”, karibu na mwisho, ichapwe bila mguu. Mguu huo huchorwa siku ya harusi, baada ya bwana harusi kushika kitambaa mbele ya mashahidi kuthibitisha kuwa ameyakubali masharti. Naukata kwenye mchoro na kuacha nafasi safi chini yake. Mistari yote naijaza hadi ukingoni, na siachi pengo juu ya sahihi za mashahidi wawili, mtu asije akaongeza neno.

Kwa sentimita 40 kwa 50, picha iwe na pikseli 4724 kwa 5906, yaani 300 kwa inchi. Natumia wino wa pigmenti na karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 hivi kwa mita ya mraba. Rangi ya dhahabu usiiachie printa. Itakupa haradali iliyofifia. Mimi nabandika jani la dhahabu, yaani utando mwembamba sana wa dhahabu, kwa mkono, chapa ikishakauka kwa saa 24.

Sahihi ndizo huharibu kazi nyingi. Kalamu ya bolipeni hukwaruza tabaka la juu la karatasi, na ya jeli huchafuka kiganja kikipita. Naambatisha kalamu nyeusi ya wino wa pigmenti, pamoja na kipande cha karatasi ileile ili mashahidi wajaribie kwanza. Wawekewe pia karatasi safi chini ya mkono, maana jasho huacha alama. Fremu isubiri hadi sahihi zikauke kabisa, iwe na paspatu, yaani ukingo wa karatasi nene unaotenga chapa na kioo. Zikigusana, unyevu hugandisha wino kwenye kioo, na hakuna namna ya kuubandua bila kuchana herufi.