Mama wa Kiasia kwenye TV alizaliwa siku aliyojifungua

Wikendi nzima nimeshinda kwenye kochi naangalia komedi na muvi za Kimarekani za familia za Waasia, na kufika Jumapili usiku nilikuwa naweza kusema mistari kabla wao hawajaisema. Mtoto karudi na A kasoro, mama anauliza hiyo kasoro imetoka wapi. Baba yuko dukani, haongei. Bibi hajui Kiingereza ila kutukana anajua. Mwishoni mama anaingia chumbani kimya anaacha sahani ya matunda aliyoyakata, anafunga mlango, muziki laini, na sisi huku machozi. Nililia, sijifanyi mgumu.

Sahani ya tatu ndo ikaniamsha. Hivi huyu mama si ni yule yule?

Na sio ukali unaoniudhi, wamama wakali wapo dunia nzima. Kinachoniudhi ni kwamba hana jana. Hana shoga wa kumsimulia umbea, hana aliyewahi kumpenda akamwacha, hana ujinga wowote alioufanya akiwa na miaka 19, yaani kawekwa pale ili mtoto apate wa kumkimbia halafu apate wa kumrudia.

Ukifuatilia historia ndo unacheka kwa uchungu. Mwaka 1875 Marekani walipitisha sheria ya uhamiaji inaitwa Page Act, ikatumika kuwazuia wanawake wa Kichina wasiingie, 1882 wakawafungia mlango vibarua wa Kichina wenyewe, kwa hiyo Chinatown nyingi, yaani mitaa ya Wachina kule, zikabaki karibu wote ni wanaume. Halafu sinema zikaja kumuonyesha Mchina kama kiumbe cha ajabu kisicho na mke wala watoto. Umemzuia mke wake bandarini halafu unashangaa analala peke yake! Ilipofika 1965 sheria ya uhamiaji ikabadilishwa, wenye ndugu kule na wenye taaluma wakapewa kipaumbele, wakaingia madaktari na mainjinia kibao, watoto wao wakafaulu, watu wakasema aah hawa wamezaliwa na hesabu kichwani. Si mmewachuja wenyewe mlangoni? Na wakimbizi wa Vietnam na Kambodia waliokuja baada ya 1975 bila hata cheti, hao kwenye hadithi ya mtoto genius huwaoni.

TV nayo ilijivuta. 1994 kituo cha ABC kilimpa Margaret Cho, mchekeshaji Mmarekani mwenye asili ya Korea, komedi ya familia ya Kikorea, All-American Girl. Amesimulia mwenyewe kwamba aliambiwa uso wake mpana sana, akajinyima kula mpaka figo zikagoma, halafu akaletewa mshauri wa kumfundisha awe Muasia zaidi. Awe zaidi ya alivyozaliwa sijui. Waliocheza familia yake, Wakorea hawakuwa. Msimu mmoja, kwisha, na mtandao mkubwa wa TV kule haukuweka tena komedi ya familia ya Kiasia mpaka Fresh Off the Boat 2015. Miaka kama 20! Sasa familia moja ikija hewani peke yake baada ya muda wote huo kila mtu anaitaka imwakilishe yeye, na hapo lazima wengine wanune.

Ila Jessica, mama wa Fresh Off the Boat, namtetea. Mkali, bahili, lafudhi anayo, vyote vile vile, lakini anampenda Stephen King, yule mwandishi wa hadithi za kutisha, kupita kiasi na baadaye anakaa chini anaandika riwaya yake ya mauaji. Nilivyomuona na hiyo riwaya nikasema haya, huyu sasa mtu.

Na nadhani ndo maana muvi ya Everything Everywhere All at Once ya 2022 ilinipiga vile. Watu wanasifia ngumi na fujo zake, na zile Oscar 7, mi nilibaki na Evelyn wa Michelle Yeoh, mama mwenye duka la kufulia nguo anayesumbuliwa na watu wa kodi, anaonyeshwa maisha mengine ambayo angeishi kama mambo yangeenda tofauti, mfano asingemfuata yule mwanaume aliyekuja kuwa mumewe. Staa wa sinema, mwimbaji, mpishi. Mara ya kwanza naona mama wa hivyo anatamani kitu ambacho hakimhusu mtoto wake.

Nikaipozi, nikampigia mama yangu. Nikamuuliza kabla hujanizaa ulikuwa unataka kuwa nani. Kimya kidogo, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, umefukuzwa kazi?