Siku moja na habu za mbele za Land Cruiser, Mwanga, Kigoma

Saa 12:30 asubuhi ninafungua geti la gereji yetu ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, na kabla ya kuonja chai ninanyunyizia maji sakafu ya udongo na kuifagia taratibu. Wapita njia hudhani ni usafi wa kawaida. Leo ninatarajia kufungua habu, yaani kitovu cha chuma kinachobeba tairi, na beringi iliyopakwa grisi mpya hunasa vumbi kama ulimbo unavyonasa ndege. Punje ya mchanga ikikaa katikati ya rola na kikombe chake, ile pete ya chuma ambayo rola huzungukia, kazi yote imeharibika kabla gari halijatoka getini.

Saa 1:15 inaingia Land Cruiser mkonga. Dereva amenizidi umri, kwa hiyo ninamwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba anaeleza shida yake: juzi amerudi kutoka kusini mwa wilaya ya Uvinza, kando ya ziwa, ambako mvua bado zinanyesha na vijito alivivuka kwa kupita majini, na tangu hapo tairi la mbele kushoto linanguruma mwendo ukizidi kilomita 60 kwa saa.

"Fundi, liongezee grisi tu, kesho natakiwa Kasulu."

Maneno hayo, "liongezee grisi tu", ninayasikia karibu kila wiki. Habu ya gari hili haina nipeli ya kupigia grisi kwa pampu, hivyo hakuna namna ya kuongeza bila kufungua; na hata ingekuwapo, grisi mpya iliyowekwa juu ya maji haimsaidii mtu. Ninamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, tuangalie kwanza maji yameingilia wapi."

Tunapiga jeki, tunaweka stendi chini ya ekseli na kabari nyuma ya matairi. Ninashika tairi juu na chini, ninalivuta na kulisukuma: linacheza. Hapo fundi mwenye haraka hukimbilia kuhukumu beringi, lakini mchezo wa namna hiyo unaweza kutoka pia kwenye kingpini, mhimili ambao tairi hugeukia ukikata kona. Ninamwomba kijana wangu akanyage breki na kuishikilia, kisha ninatikisa tena. Mchezo umepotea, maana yake breki imeifunga habu na kuishika, kwa hiyo tatizo liko kwenye beringi za habu. Ungebaki, ningeanza kuangalia kingpini.

Kuanzia saa 2:30 tunafungua. Kalipa ya breki tunaifunga kwa waya kwenye springi ili isining'inie kwenye mpira wake. Kofia ya frii wili, kifaa kinachounganisha habu na shafti ya ekseli, inatoka kwa bolti sita. Kisha ninakaza bolti ndogo kwenye ncha ya shafti na kuivuta nje kidogo, ili sekilipu, kipete kinachoizuia shafti, ionekane na koleo liipate. Washa za koni zilizobana kwenye stadi, zile bolti zilizosimama kwenye habu, zinahitaji subira kuliko nguvu: unagonga mwili wa frii wili kwa shaba, pole pole, kuzunguka, hadi zinaruka zenyewe.

Ndani ninakuta nati mbili zenye makovu ya patasi. Nati hizi hufunguliwa kwa boksi namba 54, ambayo si ghali kiasi cha mtu anayefanya kazi hii kila siku kuikosa, ila fundi aliyetangulia, sijui ni wa wapi, aliona nyundo inatosha. Ukikaza kwa patasi hujui umekaza kiasi gani. Ninazitupa kando, zitabadilishwa.

Habu inapotoka, kijana ananiita nione. Grisi iliyopaswa kuwa na rangi yake ya kahawia safi imegeuka kama chai ya maziwa. Ninaifuta beringi ya ndani kwa mafuta ya taa, ninageuza kikombe chake kwenye mwanga: kuna mistari myeusi ya kutu, imepangana kwa umbali ule ule wa rola na rola, mahali zilipotulia gari lilipolala na maji ndani. Ukipitisha kucha inakwama. Ngurumo aliyoisikia mzee ilitoka hapo.

Ninamwita dereva mwenyewe aone, kwa kuwa jambo hili halielezeki vizuri kwa maneno. Habu iliyotembea mwendo mrefu na kukanyagiwa breki huwa ya moto. Ikizamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani hujikunja na kuvuta kwa nguvu kutoka nje. Ikiwa mdomo wa sili, mpira unaozuia grisi isitoke na maji yasiingie, umechakaa, au gaskiti ya frii wili imewekwa juu ya uchafu, kinachovutwa ni maji. Ndiyo maana mimi huihesabu kazi hii kuwa kazi ya sili kwanza, grisi baadaye.

Upande wa kulia habu ni nzima, lakini tufe la chuma lililo nyuma ya tairi, lile linalozunguka ukikata kona, limelowa ute mweusi. Tufe hilo linatakiwa kuwa na utando mwembamba tu. Ninafungua plagi ya juu, ninachovya waya: unatoka uji mwepesi unaonuka oili ya difu. Sili ya ekseli iliyo ndani imeachia, oili imehama kutoka kwenye difu na kuyeyusha grisi ya jointi ya ekseli iliyo ndani ya tufe. Dereva anapiga simu kwa mwenye gari, wanabishana kidogo, wanakubaliana tufanye pande zote mbili.

Saa 4 hadi saa 6 ni kutafuta vipuri na kuosha, sehemu isiyo na mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba dukani ninabonyeza mdomo wa kila sili kwa kidole, na iliyo ngumu kama kiatu cha zamani ninairudisha. Vikombe vya zamani tunavitoa kwa kuvigonga pande zote kwa zamu. Beringi mpya haikai kwenye kikombe cha zamani, hata kiwe kinang'aa namna gani.

Kwenye spindo, mhimili usiozunguka ambao habu huvalia, ninakuta mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani. Ninaulainisha kwa msasa laini, kisha ninaigonga sili mpya ndani kidogo zaidi, kama milimita moja, ili mdomo wake ukanyage chuma ambacho hakijachimbika. Springi ya sili inaangalia ndani, upande wa grisi, na mdomo unapakwa grisi kabla ya kufungwa. Ukifungwa mkavu utaungua kilomita za mwanzo tu.

Saa 6:30 ninampa kijana beringi ya kwanza aijaze. Fungu la grisi linakaa kwenye kiganja cha kushoto, upande mpana wa beringi unagandamizwa kwenye ukingo wa kiganja, mara moja, mara mbili, mpaka grisi ichomoze upande mwembamba katikati ya rola kama minyoo midogo. Kisha anazungusha kidogo na kurudia hadi amalize duara. Amemaliza, anataka kuijaza na habu yenyewe mpaka juu. Ninamzuia. Tumboni mwa habu inatosha ifike usawa wa vikombe, kwa kuwa grisi ikipata joto hutanuka na kuisukuma sili nje. Kwenye frii wili ni utando tu, la sivyo haitashika vizuri. Jointi ya ekseli ndiyo tunaishibisha, tena kwa grisi nyeusi yenye molibdeni.

Tunakula ugali wa muhogo kwa migebuka, na migebuka hao wananikumbusha mizani. Mama anayewauza jirani yetu ana mizani ya springi yenye ndoana, nami huiazima kwa kazi ambayo yeye huiona kichekesho. Saa 8:30 ninakaza nati ya kwanza kwa kiasi cha kilo 6 za mita, ninazungusha habu huku na huko rola zikae, ninailegeza, ninaikaza tena kwa upole. Kisha ndoana inashika stadi ya tairi na ninavuta: habu inapoanza kuzunguka, mshale unatakiwa uwe kati ya kilo 2.8 na 5.6. Kushoto unasoma 4. Ninaweka washa, nati ya pili, ninapima upya, na ndipo ninakunja meno ya washa, moja ndani, moja nje.

Tukiwa chini ya gari, kijana anafuata mpira wa kupumulia wa ekseli na kukuta umezibwa kwa udongo mkavu. Difu isiyopumua huisukuma oili kupitia sili ikipata moto, na huvuta maji ikipoa. Bila kuuzibua, sili mpya ya kulia isingefika mbali.

Saa 10:15 tunaendesha hadi Ujiji na kurudi. Kimya. Ninagusa habu zote mbili kwa kiganja, joto ni moja, la vuguvugu. Ninamwomba mzee alirudishe gari baada ya kilomita 1,000 nipime mchezo tena, na akifika kwenye kijito asimame kwanza habu zipoe.

Saa 11:30 ninanawa kwa sabuni ya mawese na kurudisha mizani. Mama anainusa ndoana, ananitazama, anaifuta kwa khanga mara tatu, kisha anatundika samaki mmoja kuhakikisha mshale haujadanganyika.

"Fundi, kesho njoo na mizani yako."