Bodi ya Pac-Man na waya mmoja uliokatika

Chicago, Jumamosi usiku

Leo mashine ya mchezo ya Pac-Man imewaka. Ni ile yenyewe, mchezo wa Namco wa mwaka 1980, katika toleo la Midway, kampuni iliyokuwa Franklin Park, kitongoji cha hapahapa Chicago. Mwenye mashine, mwenzangu wa kazini, alishaniambia niitupe bodi yake, yaani ubao wenye chipu zinazoendesha mchezo, na kuweka ya kisasa yenye michezo 60. Nikamwomba anivumilie. Iliniuma kuona mashine iliyodumu miaka yote hii ikibaki kabati tu.

Ugonjwa wake ulikuwa huu: ukiiwasha, kioo kinajaa herufi na rangi ovyoovyo, zinabadilika, zinabadilika tena, na mchezo hauanzi. Wengi wakiona hivyo husema bodi imekufa. Mimi niliiona bado inahangaika. Ndani yake kuna saketi ya ulinzi inayohesabu kila picha inayochorwa kiooni. Programu isipoirudisha kwenye sifuri kabla ya kufika 16, yaani kama robo sekunde, saketi hiyo huianzisha upya CPU, chipu inayoendesha programu. Kule kubadilika kwa mapigo yaleyale kulikuwa ni mlinzi huyo akifanya kazi yake. Basi saa ya bodi, ile inayotoa mapigo ya kuongoza chipu, ilikuwa nzima. Z80, ndiyo CPU yenyewe, ilikuwa inaanza, inakwama, inaanzishwa tena.

Fundi yeyote huanza na umeme. Bodi hii hupokea AC kutoka kwenye transfoma na kuigeuza yenyewe kuwa DC, kwa hiyo mkondo mkubwa hupita kwenye vipande vya shaba vya ukingoni, na hapo ndipo huungua. Hivi vilikuwa vimeshakuwa vyeusi. Kwenye mguu wa 11 wa Z80 mita ilisoma volti 4.6, na chipu za kizazi hiki zinataka zisipungue 4.75. Nikasafisha, nikabadilisha konekta, volti zikafika 5. Kioo kikabaki vilevile. Hata hivyo nilifurahi, kwa sababu umeme mdogo huzifanya chipu nzima zionekane mbovu, na sasa kila nitakachopima ningeweza kukiamini.

Sehemu iliyofuata ndiyo inayonifanya nizipende mashine hizi. Z80 haifiki kwenye RAM, yaani kumbukumbu yake, moja kwa moja. Saketi ya picha nayo inaisoma RAM hiyohiyo, na wakigongana kila kitu kinavurugika, kwa hiyo katikati pana kibao kidogo kilichochomekwa juu ya bodi kuu, kinachogawa zamu. Nikashika probu, kifaa cha kuonyesha kama waya una mapigo, na kupitia nyaya nane za data, mmoja baada ya mwingine, pande zote mbili za kibao hicho. Saba zilikuwa na mapigo huku na huku. Wa nane, unaoitwa D5, ulikuwa na mapigo upande wa Z80, ila upande wa RAM haukuwa juu wala chini, unaelea tu. Hapo kila kitu kikaeleweka: Z80 inaandika namba, ikiisoma inakuta nyingine, na programu haiwezi kuendelea na kumbukumbu isiyotunza inachopewa.

Chipu zilikuwa nzima. Nilipong'oa kibao na kuleta kioo cha kukuzia, nikaona lehemu ya mguu mmoja wa soketi imepasuka kwa duara jembamba kama unywele. Soketi yenyewe ilishachoka, kwa hiyo nikaitoa yote, nikaweka mpya, nikalehemu taratibu ili joto lisibandue njia za shaba.

Bodi mpya ingemaliza kazi kwa dakika chache, najua. Lakini ninayo michoro ya hii, kila chipu ina jina lake juu, na mtu mmoja mwenye mita na probu anaweza kuielewa hadi mwisho. Simu iliyoko mfukoni mwangu siwezi kuielewa hivyo, wala simjui anayeweza.

Mwenzangu nilimtumia video. Akanipigia papo hapo, na neno la bodi ya michezo 60 hakulitaja tena. Sasa imebaki televisheni yake: picha inajikunja pembeni, nadhani kapasita zimekauka. Sitaigusa usiku huu. Mirija ya picha ya televisheni kama ile huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na kazi ya kuondoa chaji hiyo nataka niifanye mchana, nikiwa nimelala vya kutosha na mtu mwingine yupo nyumbani.