Andiko la kuomba kazi ya kubuni lebo

Wabunifu wengi wa grafiki hufungua andiko lao kwa historia ya ofisi na orodha ya wateja waliopita. Hayo yapeleke nyuma. Msindikaji wa asali aliyekuita, kwa mfano, anataka kwanza kuona kama umeelewa kwa nini chupa yake inapitwa rafuni. Kwa hiyo nenda dukani kabla ya kuandika, ipige picha chupa hiyo ikiwa katikati ya zile za washindani, kisha eleza ulichokiona: jina halisomeki ukirudi hatua tatu, msimbopau (barcode) umezunguka mviringo wa chupa hadi mashine inashindwa kuusoma, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, imemezwa na picha ya nyuki. Sentensi tano za namna hiyo zina nguvu kuliko kurasa kumi za sifa zako.

Panapoharibika zaidi ni kwenye mipaka ya kazi. Ukiandika "kubuni lebo" tu, umejifunga kufanya chochote atakachokiita lebo. Andika: lebo 2, za gramu 250 na 500, vipimo kwa milimita, rangi za CMYK (mfumo wa rangi nne za uchapaji), ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata, PDF ya kupeleka kwa mchapaji. Taja na visivyokuwemo: kupiga picha, tafsiri, gharama za kuchapa. Marekebisho yawe duru 2, na duru moja maana yake ni orodha moja ya maoni kutoka kwa mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho. Bila sharti hilo, mkurugenzi, mhasibu na mtu wa mauzo kila mmoja atatuma lake kwa WhatsApp, na kazi ya wiki mbili itaburuzwa hadi mwezi wa tatu tangu uianze.

Malipo yagawe kwa hatua: asilimia 50 kabla ya kuanza, 30 muundo ukiidhinishwa, 20 kabla ya kukabidhi faili asili. Sema wazi kama VAT ya asilimia 18 imo au haimo. Mteja akiwa kampuni ya Tanzania, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5, anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato: kwenye ada ya shilingi 1,200,000 atakata 60,000, nawe mdai cheti cha zuio, maana ndicho utakachokitumia TRA kupunguza kodi yako ya mapato.

Akilalamika kuwa bei ni kubwa, usishushe namba peke yake. Ondoa lebo ya gramu 250, au bakiza duru 1 ya marekebisho, kisha mrudishie andiko lenye bei mpya na tarehe ya mwisho ya kuikubali. Siku 30 zinatosha.