Seronera mwezi wa nane

Jamani Serengeti imejaa. Nasema hivi kwa mapenzi maana naipenda ile hifadhi kuliko sehemu yoyote ya nchi hii, ila ukifika Seronera, pale katikati ya hifadhi, mwezi wa nane unakuta stendi, sio pori. Nimerudi Mwanza juzi usiku na tangu nirudi nawaza hilo tu, kwa hiyo leo ngoja niandike.

Mtu akisikia hifadhi ina kilomita za mraba 14,763 anashangaa, eneo lote hilo watu wanabanana vipi? Sasa ndo hapo. Hatubanani Serengeti nzima, tunabanana Seronera, kwa sababu maji ya mto yapo na simba na chui hawahami, uwanja wa ndege upo hapo, mafuta yapo hapo, barabara zinakutana hapo na kambi za umma kina Pimbi, Nyani, Nguchiro na Dik Dik zimekaa jirani jirani hapo hapo. Halafu Julai na Agosti ni kiangazi, shule za Ulaya zimefungwa, na sisi wenyewe tuna Nane Nane yetu tunataka kutoka na familia. Wote tunakuja wiki zile zile.

Sisi tuliingilia geti la Ndabaka, mimi na mdogo wangu na dereva ambaye wote tunamwita Mzee. Kwa mtu wa Mwanza hilo ndo geti la jirani, na sijui kwa nini watu hawalisemi sana. Toka Ndabaka mpaka kuipita Kirawira tulipishana na magari machache mno, twiga kibao, nyamera wamesimama juu ya vichuguu, mamba wamelala kwenye Mto Grumeti, na Mzee anaendesha taratibu bila presha ya mtu nyuma. Nikawa najiuliza hao watu wote wanaosemwa wako wapi. Tulivyokaribia Seronera nikawaona.

Kambini tulifika kama saa tisa alasiri na hilo ndo jambo la kwanza ntamwambia yeyote anayeenda kupiga hema kipindi hiki, wahi. Kambi za umma hazina namba, anayetangulia ndo anachagua. Saa tisa bado unapata kivuli cha mgunga na unakaa mbali na njia ya chooni. Ikifika jioni malori ya overland, yale yanayobeba watalii wa safari ndefu, yanaingia, kila moja na watu ishirini na kitu, mahema yanasimikwa mpaka kamba zako zinapishana na za jirani, na usiku mtu akienda kujisaidia akajikwaa hema lako lote linatikisika unaamka moyo uko mdomoni, maana hakuna uzio na fisi wapo kweli.

Jikoni ndo kuna kazi. Lile banda la kupikia limezungushiwa nyavu za chuma kwa sababu ya nyani na fisi, na jioni humo ndani kunakuwa na wapishi wa makampuni, kila mmoja na mtungi wake wa gesi na masufuria na beseni la vyombo, mvuke, joto, huyu anakaanga viazi, yule anachuja supu, sehemu ya kuweka hata kikombe hakuna. Nilisimama mlangoni na sufuria yangu mpaka kaka mmoja akaniita, "Dada pita hapa, bandika chako, mimi namalizia tambi." Akanisogezea na mtungi wake. Wale watu wanapikia wageni chakula cha hoteli kwenye meza ya mita moja na bado wana nafasi ya kumkaribisha mtu, nawaheshimu sana. Kesho yake tulipika saa kumi na moja jioni kabla hawajaanza, wali tu, maharage niliyachemsha nyumbani nikayagandisha ikawa ni kupasha. Choo na bafu hivyo hivyo, unaamka saa kumi na nusu alfajiri, unamulika tochi kushoto kulia, ukiona macho yanang'aa unarudi ndani unasubiri, ukiona salama unaenda na unakuta hakuna foleni.

Kelele nazo zipo, majirani walikuwa na spika ndogo mpaka saa nne usiku, nikaenda nikawaambia kwa upole kwamba tunaamka alfajiri na wanyama nao wako hapa hapa, wakazima na wakaomba radhi. Watu wengi ukiwaambia vizuri wanaelewa.

Lakini msongamano wa kambini unazoeleka. Ulioniumiza ni wa barabarani. Asubuhi ya kwanza redio koli, ile ya madereva kuitana, ikaita, madoadoa juu, yaani chui yuko kwenye mti, kando ya mto. Tulivyofika nilihesabu magari thelathini nikaacha. Yamepangana mistari mitatu, injini zinaunguruma, moshi wa dizeli unapanda kwenye mti wenyewe, watu wamesimama kwenye matundu ya paa na simu juu, na chui mwenyewe nilichokiona ni mkia na kipande cha paja. Mdogo wangu akasema, "Dada, mimi naona magari tu."

Nilimuuliza Mzee kwa nini madereva wanaitana hivyo kila wakiona kitu. Akanijibu kwa utulivu, "Mwanangu, leo nikimficha mwenzangu, kesho na yeye atanificha. Na mgeni kalipa hela nyingi ana siku mbili tu, asipoona chui anarudi kwao kanuna na tipu hakuna." Nikanyamaza maana ana hoja. Ukimpa mtu siku mbili na orodha ya wanyama wa kuona, dereva hana namna, lazima akimbizane na redio.

Kesho yake nikamwomba azime redio. Tukatoka saa kumi na mbili kamili, chai tukanywea njiani, tukashika kinjia cha pembeni kuelekea kwenye miamba ya Moru. Tukakuta duma jike juu ya kichuguu na watoto wake wawili kwenye nyasi chini. Tulikuwa peke yetu. Alikuwa anawaangalia swala tomi, kashusha kichwa, anatembea hatua mbili anasimama, watoto wametulia kabisa hawamfuati. Likaja gari moja, sawa. Likaja la pili, la tatu, moja likakata kupita katikati yake na swala ili wageni wapate picha ya mbele. Swala wakashtuka wakaondoka. Duma akakaa chini, akageuka kuwaangalia watoto.

Nikamwambia Mzee tuondoke. Hakuuliza kitu, akawasha gari akarudi nyuma taratibu.

Kuna utafiti wa Maasai Mara, upande wa Kenya, uliochapishwa mwaka 2018. Waligundua kwamba sehemu zenye watalii wengi duma mama anakuza kwa wastani mtoto 0.2 kwa kila uzao, na sehemu zenye watalii wachache anakuza 2.3. Duma anawinda mchana, muda ule ule sisi tunaozunguka, kwa hiyo kila tukimharibia wale watoto hawali. Niliwahi kuisoma ile namba ikapita, sasa hivi haipiti. Na ile video ya Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, ya Julai 2025, watu wameshuka kwenye magari wamejipanga ukingoni mwa Mto Mara mpaka nyumbu wanakosa pa kupita, wengi tulikasirika mtandaoni, lakini gari lililokatisha mbele ya yule duma halikushusha mtu hata mmoja na madhara yalikuwepo.

Siku iliyobaki tulikaa sehemu moja tu, kidimbwi kidogo mbali na mto, kuanzia saa nne mpaka saa tisa wakati wengine wamerudi kambini kula. Tembo walikuja kwa zamu, familia moja inasubiri nyingine imalize. Mtoto mmoja alikuwa bado hajui kutumia mkonga, anapiga magoti anakunywa kwa mdomo. Mdogo wangu alicheka mpaka machozi. Hakuna gari lililokuja.

Mwakani tumekubaliana kwenda Novemba mvua zikianza, na tutaomba mapema kambi maalumu, zile unazokaa peke yenu. Ni ghali zaidi na hakuna choo wala maji, kila kitu unabeba, kwa hiyo tunatafuta familia nyingine moja tuchangie. Mzee kashatoa masharti yake, koleo mbili, kamba ya kuvutia gari, na madumu ya maji yasipungue sita, maana anaujua udongo mweusi wa Ndabaka ukilowa.